Unakwenda Kigoma kwa Nani?

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Zamu ya asubuhi. Sikio la kushoto linauma. Hedifoni imechakaa sifongo, chuma kinagusa mfupa. Nimeomba nyingine tangu Pasaka. Ng'o.

Simu za Kigoma zilifululiza kabla ya chai. Mtu wa dagaa akimtukana mtu wa mawese. Daktari akiulizia dawa. Nyingine haikupata wa kuipokea, ikabaki laini tupu. Sikuikata. Hadija, opereta mwenzangu wa Kigoma, alikuwa ameinuka kidogo kitini, na nyuma ya kiti chake nikaisikia ile sauti. Hhhaa. Hhhaa. Kama mtu mkubwa amelala. Ni ziwa lile. Tangu nianze kazi hii nalisikia. Halafu honi ya meli, nzito, mpaka meno yakanitetemeka. Nikasahau kwamba niko Tabora. Bwana Ngassa, mkubwa wetu wa zamu, akanigonga bega kwa penseli. Monika, Dodoma inalia.

Dodoma nyuma yake ni upepo mtupu. Mwanza ni redio na watu wanaocheka. Mpanda hakuna kitu, labda mende. Miji yote hii naijua kwa mgongo. Kwa uso sijauona hata mmoja, ila Urambo kwa mama. Nina miaka thelathini na mitatu na kazi yangu ni kuwaunganisha watu na mahali nisipopajua. Aibu.

Jumatano, 6 Novemba

Likizo imekubaliwa! Kuanzia tarehe kumi na sita.

Bwana Ngassa alikwisha kuandika mwenyewe mahali ninapokwenda: Urambo. Kila mwaka ni Urambo, aulize nini? Nikamwambia futa, andika Kigoma. Akainua miwani. Kigoma kwa nani? Nikasema nakwenda kutembea tu. Akacheka mpaka akakohoa. Eti hakuna Mnyamwezi aliyetembea kwenda Kigoma bila sababu tangu babu zetu watue pembe za ndovu.

Nikacheka na mimi, kwa adabu. Moyoni nilichukia. Babu yangu aliibeba hiyo pembe, kutoka Ujiji kupitia hapa hapa mpaka pwani, akarudi na nguo na chumvi na hadithi. Mwanamume aliyefika pwani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Mwanamke akifika mahali anahesabiwa nini? Hakuna aliyeniambia.

Urambo kwa mama ni tumbaku. Likizo zangu zote zimeishia kwenye miche. Narudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka, vidole vyeusi, utomvu hautoki kwa sabuni, na sabuni yenyewe siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Mama nampenda. Tumbaku siipendi. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 7 Novemba

Kwa nani, kwa nani, kwa nani. Muuza mkate kaniuliza. Mpishi wa mapadri kaniuliza. Fundi aliyekuja kutengeneza laini kaniuliza akiwa juu ya ngazi.

Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa mgonjwa au kwa kesi. Ukisema unakwenda kuangalia maji wanakuangalia tumbo. Mama Tatu wa chumba cha pili ameniangalia tumbo waziwazi, wala hakujificha. Mumewe ni gadi wa treni, kwa hiyo anajiona ana haki ya kujua kila anayepanda na kinachompandisha.

Simwambii kitu. Apasuke.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa nimelishusha sanduku la bati la baba kutoka juu ya kabati. Alirudi nalo kutoka mkonge, Tanga, na ndilo kubwa alilotuachia. Kutu kwenye bawaba. Nimeipaka mafuta ya nazi, imenyamaza.

Bi. Salma, mwenye nyumba wetu, amekuja kukaa kizingitini kunisimamia. Wazee wake walitoka Omani, wakaifuata njia ya misafara mpaka hapa Mtendeni wakafungua duka. Duka sasa limefungwa, rafu zina mitungi ya achari tu. Lakini kufunga mizigo! Hilo analo kwenye damu. Ninachokitaka kwanza nikitie mwisho. Kanga doti mbili zinatosha dunia nzima: moja ya kuvaa, moja ya kila kitu, shuka, pazia, taulo, mto. Chumvi ifungwe kwenye kitambaa, maana kumwomba mwenyeji chumvi siku ya kwanza ni kumtukana mboga yake. Limau la kunusa. Na chakula kisifunguliwe treni haijaondoka. Anayefungua chapati stesheni amealika behewa zima.

Amesema yote hayo kama mtu aliyezunguka dunia. Amefika Igunga tu, kwenye harusi, na safari hiyo tunaisikia mpaka leo.

Mimi nimeongeza kandambili, klorokwini, tochi, karanga, kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha hata mwenyewe nikakisahau. Chupa ya asali ya Hadija. Mtu haendi mikono mitupu, hata kwa sauti. Mwisho kabisa gauni la bluu. Halina kazi. Ndiyo maana nimelitia.

Jembe sikulichukua. Limeegemea nyuma ya mlango, nikaligeuzia mgongo kama mdeni.

Nimelifunga sanduku, nikalifungua, nikalifunga tena. Ni furaha hiyo. Sina jina jingine.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama sijamwambia.

Barua nimeianza na kuichana. Nitaandika nini? Mama, mwaka huu siji kukusaidia kupandikiza, nakwenda kukaa kando ya maji bila kufanya kitu? Atauliza naumwa nini. Wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, shamba la kijiji lina zamu na shamba lake liko palepale linamngoja. Mtoto wake aliyebaki ni mimi.

Ubaya zaidi ni huu. Treni ya Kigoma inapita Urambo. Inasimama. Na Urambo treni ikisimama hata kuku wanatoka kuitazama.

Nitakaa dirisha la upande wa pili. Nitajifunika kanga mpaka macho. Mtu mzima na mshahara wake anajificha kama mwizi, na anachoiba ni likizo yake mwenyewe. Najichukia kidogo. Nitakwenda hivyo hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Makubwa.

Asubuhi jiko la mafuta ya taa lilinitolea moshi. Macho mekundu, koo limekwama. Bi. Salma akapita uani. Sikio lake moja limekwisha kufunga duka, na hilo jingine linachagua. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, mwanangu, huko Kigoma una nani? Nikamjibu kweli tupu. Sina mtu, Bi. Salma. Sina mtu kule. Nikafuta macho nikakimbilia kazini.

Narudi alasiri nakuta viatu mlangoni. Vingi. Mikeka imetandikwa uani, wanawake wa mtaa mzima wamekaa, wengine kanga kichwani. Sufuria kubwa jikoni. Mama Tatu ananirukia shingoni, lia, mwenzangu, lia, usilikalie moyoni.  Nikajua mama amekufa na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nikapiga ukelele.

Wakaniacha nilie. Ndipo jirani mmoja akauliza kwa upole marehemu wa Kigoma alikuwa nani yangu. Marehemu gani? Wa Kigoma. Yule usiyekuwa naye tena.

Nilipoelewa nilikosa pa kuuweka uso. Nikawaeleza. Kule sina mtu maana yake sikuwahi kuwa na mtu. Hajafa mtu. Nakwenda kutembea.  Mmoja akaanza kukusanya mkeka wake kwa hasira, mwingine akacheka, halafu wote. Bi. Salma hakucheka. Alisema mtu mwenye akili yake asafiri bila mtu wa kumwendea, yeye angeelewa vipi? Na mimi, badala ya kucheka, nikalia tena, safari hii bila sababu ya mtu. Nililia kwamba ili nitoke Tabora kwa heshima lazima kwanza azikwe mtu.

Pilau ilikwisha iva. Tukala. Unga waliochanga nilitaka kuurudisha, Bi. Salma akakataa kata kata. Sadaka hairudi, utakula njiani.

Alhamisi, 14 Novemba

Ofisini wananipa pole wakijua kabisa. Bwana Ngassa kaandika kwenye ubao: Rambirambi zipokelewe dirisha la pili. Mshenzi. Nimecheka.

Hadija naye kanipa pole kwenye laini. Habari imefika Kigoma kabla yangu. Nikamweleza yote, tena nikamwambia nakuja. Ile sauti ikapumua nyuma yake. Akasema nitafikia kwake Ujiji. Basi. Hakuuliza nakuja kwa nini. Sijawahi kumwona mwanamke huyu na nimempenda.

Jumamosi, 16 Novemba

Stesheni tangu jioni. Treni ya kutoka Dar imekwama huko njiani, wanasema maji yamekula tuta la reli. Behewa zetu za Kigoma haziwezi kuungwa mpaka ifike. Watu wamelala juu ya mizigo yao. Nimekaa juu ya sanduku la baba. Chapati sijafungua. Naheshimu masharti.

Sijali kungoja. Kungoja ukiwa na tiketi ni tamu.

Jumapili, 17 Novemba. Ndani ya behewa

Tumeondoka! Jua limekwisha kupanda. Daraja la tatu, dirisha la upande wa pili kama nilivyopanga. Chapati nimefungua baada ya gurudumu kuanza kuzunguka, na bado behewa zima limealikwa.

Miyombo, miyombo, mzinga wa nyuki juu ya mti, miyombo. Naona Tabora inakwisha. Sikujua kama inakwisha. Wasiwasi wa Urambo ninao, lakini juu yake kuna furaha. Daftari hili liko kwenye mkoba kifuani. Sanduku liko juu, nimelifunga kamba.

Mama, nisamehe. Kanga nimejifunika tayari.

Jumapili hiyo hiyo, jioni. Urambo

Niko Urambo. Kwa mama. Nitaandika kwa kifupi.

Treni ilisimama. Nje viazi vya kuchemsha, asali, makelele ya kawaida. Nikasema sitachungulia. Nikachungulia. Karibu na mizani ya mizigo kulikuwa na wanawake wamekaa chini na kaniki za msiba. Mmoja amenipa mgongo. Mgongo ule naujua, nimebebwa nao.

Nikawaza mjomba. Nikawaza bibi mdogo. Sikumbuki nilivyoshuka. Nikamshika bega, mama, nani amekufa?

Akageuka. Wenzake walipiga kelele, mmoja aliruka mizani na miaka yake yote. Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono akaubonyeza, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akibonyeza kama anayechagua muhogo sokoni. Akasema, "Monika. Wameniambia amekufa Monika."

Kumbe yule gadi, mume wa Mama Tatu, aliondoka na treni ya Jumatano wakati mikeka iko uani. Akamwambia mpagazi wa stesheni hapa: kuna msiba kwa Monika. Mpagazi akamwambia muuza viazi. Muuza viazi akamwambia katekista. Mahali fulani njiani K ikadondoka. Kuna msiba wa Monika. Herufi moja tu imeniua. Tangu juzi mama amekaa pale stesheni anangoja treni ya kupanda Tabora kunizika.

Filimbi ilipigwa tukiwa tumeshikana. Naandika ukweli hapa maana hakuna wa kunisoma. Niliisikia. Ningeweza kukimbia, behewa lilikuwa hapo hapo. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Sanduku limekwenda Kigoma peke yake.

Jumatatu, 18 Novemba

Watu wanakuja kunitazama. Wananigusa. Mtoto mmoja ameniuliza huko kukoje. Katekista alikwisha niombea, anasema sala haipotei, itangoja siku yake.

Mama hasemi na mimi. Jana alilia, usiku akanishika mguu kuhakikisha. Leo amenipa jembe bila neno. Mvua imenyesha, miche haingoji. Nimepandikiza mpaka kiuno kikaniambia basi. Niko na kanga ya kuazima, mbele ya tuta la tumbaku, tarehe ambayo ningekuwa nimekaa kando ya ziwa.

Kwenye treni ya Kigoma ningekuwa nimeshashuka. Nasikia uchungu, wala sitajisingizia kwamba sina.

Jumanne, 19 Novemba

Amesema. Nafuu angeendelea kunyamaza.

Si kuhusu kufa. Kuhusu dirisha. Muuza viazi aliniona nilivyojifunika na amemwambia. Mama ameuliza, tukiwa tumeinama, bila kusimama, kama kweli ningempita. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchimba mashimo. Mashimo yalikuwa yamenyooka vilevile kama ya siku zote.

Kisha akaniuliza huko nilikokuwa nakwenda kuna nini. Nikasema ziwa. Na nini? Ziwa tu, mama. Akasema, "Ziwa tu," akatema mate pembeni. Najiona mjinga. Najiona pia nimeonewa.

Alhamisi, 21 Novemba

Jana niliomba simu posta. Urambo inapita Tabora, kwa hiyo aliyeniunganisha ni Bwana Ngassa mwenyewe. Marehemu unaongea, alisema. Hadija akapatikana. Alikwenda stesheni ya kwao Jumatatu kunipokea, nikakosekana, sanduku likapatikana. Limewekwa stoo ya stesheni. Mwenyewe aje alitie sahihi.

Nikamweleza mama wakati wa chakula, kama habari tu. Tonge likasimama hewani. Sanduku la baba yako? Limelala kwa watu tangu Jumatatu? Mtu anafia mkonge, karibu afie, anarudi na sanduku, na wewe umekaa hapa unapanda tumbaku? Huna haya?



Alfajiri alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua ya safari. Wiki hizi za kupanda haruhusiwi mtu kutoka ovyo. Mwenyekiti akauliza sababu. Kufuata mali ya marehemu, akasema mama. Hakuulizwa swali la pili. Mhuri, tap. Zamu yetu ya shamba la kijiji atashika jirani, naye kakubali haraka, nenda mama, mali ya marehemu si ya kuchezea. Hakuna aliyeuliza kwa nani. Wiki nzima nimekosa sababu ya kwenda Kigoma, nayo ilikuwa imetangulia yenyewe ndani ya behewa.

Barua imeandikwa majina mawili. Nikamwuliza mama kwa nini. Akasema nikienda peke yangu nitalisahau tena.

Jumamosi, 23 Novemba

Treni kwa wakati! Ajabu ya Mungu.

Mama amefunga mizigo kwa muda wa kumeza mate. Kanga, sufuria, ugali wa jana, rozari. Na jembe. Nikamwuliza jembe la nini. Akalitazama kama ndio kwanza analiona. Hajui. Kila aliposafiri ilikuwa kwenda kuzika, na mazishi yana kazi. Tukalibeba.

Anakaa wima kabisa, hashiki dirisha. Kaliua. Kila stesheni anauliza kama ndiyo. Ugali aliufungua kabla hatujaondoka Urambo na kuligawia behewa lote, na lote likamshukuru. Bi. Salma angezimia.

Jumapili, 24 Novemba. Ujiji

Hadija ni mfupi! Sauti ile yote inatoka kwenye kimwili kile. Tumekumbatiana kama ndugu waliopotezana, mama akatusimamia na jembe lake.

Sanduku limepatikana. Mama amelizungukia, amegonga bati, ameridhika. Ndani mayai mawili ya kuchemsha, niliyoyachomeka kwenye kona siku ya safari nikayasahau, yameoza. Gauni la bluu linanuka mauti. Asali iko salama, Hadija ameipokea kwa mikono miwili.

Kabla ya kuja Ujiji alinionyesha ofisi yake. Nikaomba anikalishe kwenye kiti. Nikafumba macho. Hhhaa. Hhhaa. Nikafumbua. Ni feni. Feni mbovu ya darini, ina bapa moja lililopinda. Miaka yote hii nimeitamani feni. Nikacheka mpaka Hadija akaniletea maji. Halafu ikaniuma.

Ziwa lenyewe kutoka pale halisikiki kabisa.

Jumatatu, 25 Novemba. Ujiji

Tumeshuka majini asubuhi, mama na mimi. Sababu ilikuwepo: gauni linanuka, lazima lifuliwe.

Sitaandika ziwa lilivyo. Nimejaribu hapa, nimefuta. Ni kubwa na limetulia. Nilidhani nitapiga kelele. Nilisimama tu na gauni mkononi, nikasahau kulilowesha.

Mama aliweka miguu. Akaitoa. Akaiweka tena akakaa chini mchangani, maji yakimpanda mpaka kwenye vifundo. Utomvu wa tumbaku kwenye kucha zake haukutoka, lakini hakuusugua. Akauliza milima ile ng'ambo ni kwa nani. Kongo, nikasema, siku hizi wanaiita Zaire. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa ni kwa fulani bin fulani.

Nikamwuliza kilichokuwa kimenikaa. Miaka yote treni inapita Urambo, inapita mlangoni kwake, na Kigoma ni siku moja tu. Hakuwahi kutamani? Hakufikiri sana. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua imekawia:

"Hakuna mtu wetu aliyefia huku."

 Nikafua gauni, nikalianika juu ya mawe.

Treni ya kurudi ni kesho kutwa. Nilimwambia kuna ya kesho ya mizigo, gadi angeweza kutubeba, kama ana haraka na miche.  Nilipogeuka alikuwa amejinyoosha mchangani, kanga usoni, miguu bado ndani ya maji. Nilidhani anapumzisha kiuno. Kisha nikamsikia anakoroma, taratibu.

Ni saa nne ya asubuhi. Sijapata kumwona mama amelala mchana asipokuwa mgonjwa. Watu wanapita na ndoo, wanatuzunguka kwa adabu. Nimesogea kidogo ili kivuli changu kimwangukie. Sijamwamsha.